Nyumba iliyowahi kurekebishwa msingi msiikimbie, daini makaratasi kwanza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya ukurasa wa makazi, ile iliyosema nyumba ikishawahi kuwa na tatizo la msingi basi mnunuzi asipoteze hata muda wa kwenda kuiangalia, nikasema hapana, hili siwezi kulipita kimya. Mimi ni fundi mwashi, nimeshika mwiko miaka mingi, misingi nimechimba, nimefukua na nimerudishia, na huo ushauri mlioutoa utawafanya watu wakimbie nyumba nzuri halafu wakaangukie mbovu ambayo haijawahi kuguswa na mtu. Mwandishi wenu nia yake njema, sina ugomvi naye, ila ukweli wa mambo uko tofauti kidogo na alivyouandika.

Kwanza tukubaliane kwamba kila nyumba inakaa. Ukishaweka uzito wote ule juu ya udongo lazima udongo ubonyee, hilo halina mjadala, na ikikaa sawasawa pande zote wala hutajua kama imekaa. Shida inaanza pale kona moja inapotitia na nyingine imebaki palepale, hapo ukuta unavutwa huku na huku na tofali halijui kuvutika, linapasuka tu. Sasa nyumba ambayo msingi wake ulisumbua ukafukuliwa, watu wakaona kwa macho yao chini kuna nini, wakashusha zege mpaka kwenye udongo mgumu, hiyo angalau kuna mtu anajua habari zake. Ya jirani iliyojengwa na mafundi walewale kwenye udongo uleule haijafukuliwa hata siku moja, inang'aa rangi, na nyie mnamwambia mnunuzi hiyo ndo salama. Salama kwa kipi?

Ila sasa, na hapa namuunga mkono mwandishi nusu, muuzaji akikuambia "ule msingi tulishautengeneza" usimpe mkono bado. Maana kuna aliyeziba ufa kwa wolputi, ule unga wa kulainishia ukuta kabla ya rangi, akapaka rangi, kuna aliyeimarisha msingi wenyewe, na kuna aliyeenda mbele akaondoa kile kilichokuwa kinausumbua msingi, na wote hawa watatu watakuambia maneno yaleyale kwa uso uleule mkavu. Wa kwanza kafanya kazi ya fundi rangi. Wa pili katumia hela nyingi na inawezekana kabisa kazitupa. Wa tatu ndo unayemtafuta wewe mnunuzi, na bahati mbaya huyo ndo adimu.

Kinachosumbua misingi mara nyingi sana ni maji, yawe mengi au yawe machache. Udongo wa mfinyanzi ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa mpaka unaacha mipasuko unaweza kuingiza mkono, na nyumba iliyokaa juu yake katikati ya jamvi, yaani lile bamba la zege la sakafuni, hapapati mvua wala jua kwa hiyo pale unyevu haubadiliki sana, lakini kwenye kuta za nje kila msimu udongo unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na ukuta nao unafuata. Ongezea hapo gata lililokatika ambalo limemwaga maji kona moja miaka nenda miaka rudi. Ongezea bomba lililopasuka chini ya sakafu, linasomba udongo kidogo kidogo mpaka panabaki tundu na jamvi linaning'inia hewani na nyie mko juu mnaangalia tivii. Na kuna ile ya viwanja vya mteremko ambayo mimi ndo naichukia kuliko zote, wanachonga upande wa juu, wanafukia upande wa chini bila kushindilia tabaka kwa tabaka, halafu nyumba nusu inakaa kwenye udongo wa asili na nusu inakaa kwenye kifusi. Ufa wa nyumba ya hivyo hauna haja ya kuutafuta, unapita palepale kifusi kinapoanzia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni nini kilisababisha na hicho kitu kiko wapi leo, habari ya mlitengeneza lini au kwa hela ngapi ije baadaye. Akisema gata, angalia gata. Akisema bomba, akuoneshe pale lilipobadilishwa. Na kama unaweza nenda kaione hiyo nyumba mvua inanyesha, vaa gambuti uizunguke nje, angalia maji ya paa yanaenda wapi, yanatembea kuondoka ukutani au yanarudi kusimama palepale kwenye kona iliyotibiwa. Ukikuta dimbwi limeegemea ukuta, hata kama msingi uliimarishwa na mhandisi bingwa, jua ugonjwa bado upo ndani ya nyumba.

Miti nayo, maana hili watu hawalijui. Mti mkubwa karibu na nyumba kwenye udongo wa mfinyanzi unanyonya maji na udongo unasinyaa, nyumba inashuka upande huo, sawa, hilo wengi wameshalisikia. Sa mtu anapata akili ya haraka anaukata mti siku moja, anashangaa baada ya muda sakafu inaanza kunyanyuka. Udongo ulikuwa umekauka kwa sababu ya mti, mti umeondoka, unakunywa maji tena unavimba kurudi ulikokuwa, na msingi unasukumwa kwenda juu. Kwa hiyo ukiona kisiki kibichi karibu na nyumba inayouzwa usifurahi haraka haraka kwamba tatizo limeondolewa, uliza mti ulikatwa lini na nani alishauri.

Kuhusu marekebisho yenyewe siwezi kuyamaliza hapa, ila mnunuzi ajue angalau sura zake. Kuna ile ya zamani ya kufukua chini ya msingi na kuujazia zege, inafanywa kwa vipande vya kama mita moja hivi, unachimba kimoja unaruka kinachofuata, unamwaga, unasubiri zege likomae ndo unarudi kwenye ulivyoviruka, maana ukiufukua upande mzima kwa mpigo ukuta hauna pa kukanyaga na nyumba unayo kichwani. Kuna nguzo za chuma zinazosukumwa kwa jeki za haidroliki mpaka zigonge tabaka gumu, halafu nyumba inabebwa na hizo nguzo badala ya udongo wa juu. Na kuna kudunga ardhini grauti, yaani uji wa saruji, au resini, ile gundi ya kemikali inayotanuka, inajaza mashimo na inaweza hata kunyanyua jamvi lililozama, kazi ya haraka na haichafui sana, ila kama maji yanayosomba udongo bado yanatembea chini basi umejaza tundu la leo tu.

Hapa kuna kitu nataka nikae nacho kidogo maana ndo kinawachoma wanunuzi wengi. Watu wanaimarisha kona moja tu. Kona ya nyuma ilititia, wakapiga nguzo kona ya nyuma, hela ikaisha au mkandarasi akasema inatosha. Sa hiyo kona imeshika, haiendi popote, lakini nyumba iliyobaki bado imekaa kwenye udongo uleule unaopanda na kushuka na misimu, kwa hiyo unakuwa na nyumba moja yenye sehemu mbili, moja imesimama na nyingine inacheza, na zinapokutana ndo ufa mpya unazaliwa. Sisemi kuimarisha kona moja ni kosa kila mara, kama chanzo kilikuwa pale pale konani, mfano bomba lililopasuka, na kimeondolewa, inatosha kabisa. Lakini kama chanzo ni udongo wa kiwanja kizima, uliza kwa nini waliishia pale. Ukijibiwa "fundi ndo alisema", endelea kuuliza.

Kingine mwandishi wenu aliandika kwamba sakafu ikiwa imelala upande ni ushahidi kwamba matengenezo yalishindwa. Si kweli hivyo. Mnara wa Pisa kule Italia ulifungwa mwaka 1990 kwa hofu ya kuanguka, wahandisi wakafanya kazi ya kutoa udongo taratibu chini ya upande wa kaskazini, ule ambao haukuzama sana, mnara ukarudi nyuma kama sentimita 45 hivi pale juu, ukafunguliwa tena 2001, na mpaka leo umelala. Hawakutaka kuunyoosha, walitaka uache kuendelea kulala na walifanikiwa. Nyumba nazo ni hivyo hivyo, mhandisi mwenye akili mara nyingi hainyanyui mpaka mwisho kwa sababu ukuta uliokwishazoea kupinda ukiulazimisha unapasuka upya, mabomba yanakatika, milango iliyochongwa kufuata upindaji inagoma tena. Kwa hiyo gololi ikibingirika sebuleni imekuambia sakafu ina mteremko basi, haijakuambia kama bado inashuka. Na hilo la kushuka bado ndo kila kitu.

Utajuaje kama bado inatembea? Usianze sebuleni maana sebule ndo imepakwa rangi kwa ajili yako. Fungua makabati ya ukutani, ingia stoo, panda darini na tochi, angalia juu ya mlango wa choo cha nyuma, sehemu ambazo fundi rangi hakuzigusa. Ukipata ufa usogelee kabisa mpaka pua iguse ukuta. Ufa wa zamani kingo zake zimechakaa, ndani una vumbi, pengine buibui na rangi ya zamani iliyoingia, huo umetulia siku nyingi. Ufa mpya kingo zake safi, plasta ndani rangi yake bado mbichi, ukipitisha ukucha unadondosha unga. Ila mbaya kuliko yote ni ufa ambao umeshazibwa, ukapakwa rangi, halafu ukafunguka tena katikati ya ile ziba, maana huo umeshakuambia kabisa kwamba nyumba ilitembea baada ya matengenezo.

Halafu angalia milango, na hapa mi huwa nacheka maana wauzaji wanasahau. Shika mlango uangalie ukingo wake wa juu. Mlango wa kawaida ukingo wa juu umenyooka, sasa ukiukuta umepigwa randa, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine, na mbao pale juu bado nyeupe haina vanishi, basi mlango huo uligoma kufunga hivi karibuni na mtu akaukata ufuate fremu iliyopinda. Ukikuta mmoja, sawa, labda mbao ilivimba. Ukikuta milango mitatu ya upande mmoja wa nyumba imechongwa yote kuelekea kona ileile, muulize mwenye nyumba vizuri.

Upana wa ufa una maana yake lakini usiutegemee peke yake. Kuna mwongozo wa Uingereza wa Building Research Establishment, taasisi ya utafiti wa majengo, ambao wakaguzi wengi wanautumia, unaziweka nyufa za mpaka milimita 5 kwenye madhara mepesi, 5 mpaka 15 ni ya kati, 15 mpaka 25 makubwa, kuzidi 25 ni makubwa mno. Nzuri kama pa kuanzia. Lakini mimi ufa wa milimita 2 ambao msimu uliopita ulikuwa 1 unaniogopesha kuliko ufa wa milimita 6 ambao haujasogea miaka kumi. Mafundi wa zamani walikuwa wanabandika kipande chembamba cha kioo au bonge la jasi juu ya ufa, wanaandika tarehe pembeni, wakirudi wakikuta kimekatika wanajua. Siku hizi kuna vipimo vya plastiki vyenye mistari, kazi ni ileile. Muuzaji aliyefanya matengenezo ya kweli atakuwa na vipimo vya namna hiyo vya kabla na baada.

Na baada yenyewe iwe ndefu ya kutosha. Matengenezo yaliyofanyika kiangazi halafu nyumba inatangazwa kuuzwa kabla ya mvua hayajajaribiwa na kitu chochote. Lazima yapite mvua na yapite kiangazi, yaani mwaka mzima, ndo unaweza kusema udongo umeshafanya visa vyake vyote na nyumba imebaki palepale. Tena hata kazi yenyewe inaweza kuisumbua nyumba, wakubwa wanajua hilo, lile jengo la Millennium Tower la San Francisco, Marekani, lenye ghorofa 58 lilipokuwa linaongezewa nguzo za msingi, mwaka 2021 ilibidi kazi isimamishwe kwa sababu jengo lilizidi kutitia wakati nguzo zenyewe zinapigwa, wakabadilisha mpango, nguzo 52 zikapunguzwa zikawa 18, na kazi ikaisha 2023. Kama wahandisi wa kiwango kile walisimama wakapima upya, fundi wa mtaani anayekuambia ameshamaliza na hakuna haja ya kupima tena anajiamini kupita kiasi.

Sasa makaratasi, ndo hasa kilichonifanya niandike hii barua. Mgonjwa akihama hospitali anaondoka na faili lake, lakini nyumba ikitibiwa msingi faili linabaki kwenye droo ya mtu au halikuwahi kuwepo. Mnunuzi adai ripoti ya mhandisi ya kabla ya kazi, ile inayotaja sababu. Adai mchoro unaoonesha nguzo au zege jipya limewekwa wapi na kwa kina gani. Adai picha zilizopigwa mashimo yakiwa bado wazi, maana zege likishafunikwa hakuna shahidi, mtu anaweza kukuambia alishuka mita tatu na alishuka moja. Kibali cha kazi, kama sheria ya pale inadai kibali, na karatasi ya mkaguzi kwamba kazi aliiona. Na garantii, ambayo kila mtu anaitaja kwa fahari na hakuna anayeisoma, sasa isome, iko kwa jina la nani, inahamia kwa mnunuzi au inakufa nyumba ikiuzwa, inataka uwaarifu ndani ya muda gani, na je hiyo kampuni bado ipo au namba zao hazipatikani.

Mhandisi wako awe wako. Namaanisha umemlipa wewe, hana undugu na dalali, na hauzi nguzo wala resini. Nasema hivi bila kuwachukia wenzangu wakandarasi, lakini anayeuza nguzo kila nyumba anayoiona inahitaji nguzo, na aliyeifanya ile kazi hawezi kukuambia ilifanywa vibaya. Mpe huyo mhandisi wako ripoti ya zamani, mwambie apime sakafu upya alinganishe namba. Hiyo kulinganisha namba ni kazi ya nusu siku na ina thamani kuliko maneno yote ya barazani.

Na jamani mabomba! Nyumba ikinyanyuliwa kwa jeki, mabomba ya maji machafu yaliyo chini ya jamvi hayana habari, yamelala ardhini, jamvi linapanda yenyewe yanabaki, maungio yanaachia. Ukute tatizo la kwanza lilitatuliwa vizuri kabisa halafu kuanzia siku hiyo maji ya choo yanavuja chini chini yakilainisha udongo uleule walioukimbia. Kwa hiyo nyumba ikishanyanyuliwa, mabomba lazima yajaribiwe, unaziba upande wa kutokea, unajaza maji, unaangalia kama kina kinashuka. Karatasi ya kipimo hicho iwemo kwenye faili. Ikikosekana fanya kipimo mwenyewe kabla ya kulipa, wala si kitu kigumu.

Mambo ya benki na bima nitayapitia haraka maana wapo wanaoyajua kuliko mimi, ila waulizwe kabla hujatoa hata hela ya kushikia nyumba, kwa sababu kuna benki zinakataa dhamana ya nyumba yenye historia hiyo na kuna bima zinakubali nyumba halafu zinaiondoa habari ya kutitia kwenye mkataba. Na bei, usikubali kupunguziwa gharama ya matengenezo tu, hiyo gharama muuzaji alishailipa na haikuhusu. Wewe unachopunguziwa ni kwamba siku utakapouza na wewe itabidi umweleze mteja wako habari ileile na yeye atakuja na maswali haya haya. Kama mwaka wa kupima haujapita, mkubaliane kwa maandishi sehemu ya hela ishikwe na mwanasheria mpaka mvua na kiangazi vipite. Muuzaji anayeiamini kazi yake hatakataa sana, atanuna kidogo.

Ombi langu kwenu Mhariri ni hili. Badala ya kuwaambia watu wakimbie, gazeti lianze kupigia kelele kwamba faili la matengenezo ya msingi likabidhiwe pamoja na hati siku ya mauzo, kwa sheria, si kwa hiari ya muuzaji. Majimbo mengi ya Marekani muuzaji anajaza fomu kueleza kasoro za nyumba anazozijua, msingi ukiwemo, akificha anaweza kushtakiwa, kwa hiyo si kitu cha kufikirika. Mkiwaambia watu kila nyumba iliyotibiwa ni takataka mnawafundisha wauzaji kuficha, maana nani atasema ukweli akijua ukweli utamkosesha mteja? Yule aliyefukua, akalipa mhandisi, akabadilisha bomba, akapima mwaka mzima, anakuja kuuza bei moja na aliyepaka wolputi, au chini yake kwa sababu yeye alisema. Mtafuteni mhandisi wa majengo amjibu mwandishi wenu kwenye ukurasa uleule, na mkiweza mchapishe mfano wa hilo faili, kurasa kwa kurasa, ili mnunuzi aende nalo mkononi siku ya kukagua.

Wenu,
Fundi mwashi, msomaji wa siku nyingi